Diski ya Marehemu Talha

Sehemu ya Kumi na Moja

"Haimo," alisema fundi Lusungu.

Alisema hilo tu. Nanyi mliokaa wiki nzima mkingoja diski ile ifunguke, ngojeni tena kidogo, kwa sababu hata fundi mwenyewe alikuwa anakitazama kioo cha kompyuta kama mtu aliyepiga hodi kwenye nyumba yenye taa na asiitikiwe. Diski ilikuwa mezani, taa yake ya kijani inawaka. Kompyuta nayo inawaka. Lakini kompyuta ilipotaja vilivyomo ndani yake ilitaja A, ikataja C, ikaishia hapo. Ile D, ambayo Talha alikuwa akiifungua kila asubuhi kabla ya chai, haikutajwa.

Nyuma ya pazia la chumbani Naima alilisikia jibu hilo, na hakushtuka.

Mmeniandikia barua, wengine kwa wino mwekundu, mkiuliza huyu ni mjane gani asiyelia. Nawajibu leo. Mtu akikalia mguu muda mrefu hufa ganzi, na ganzi haimaanishi mguu si wake. Naima alikuwa na siku ishirini na tatu ndani ya eda. Alijua panauma, ila maumivu yenyewe hayakumfikia. Akila hajui amekula nini, akilala hajui kama alilala.

Kwa anayeanza leo, mambo yako hivi. Talha alikuwa mchora ramani za nyumba pale Mtoni. Alikufa kwa homa ya siku saba. Siku ya ishirini baada ya maziko, mdogo wake Jabiri akaja na karatasi iliyopigwa kwa kompyuta, yenye sahihi ya Talha, ikisema amemwacha Naima talaka moja. Tarehe: nne Machi 1999. Naima hakuwahi kuiona karatasi hiyo. Talha amekufa Agosti.

Hesabu ya sheria mnaijua. Kama karatasi ni ya kweli, eda ya talaka ilikwisha Talha akiwa mzima anakula na kunywa, na Naima si mjane wa mtu. Ni mwanamke aliyeishi na mwanamume asiye mumewe. Hana eda, hana fungu, na kesho Ijumaa afungashe nguo zake. Kama karatasi imeghushiwa, Jabiri ndiye wa kuficha uso. Shehe Abdulrahman alisikiliza pande zote mbili akaamua kwamba sahihi huigwa, lakini Talha alikuwa akiandika kila kitu kwenye diski yake ile ya nje aliyoletewa kutoka Dubai. Basi ifunguliwe, ionekane barua iliandikwa lini.

Ndiyo maana Alhamisi hii, baada ya swala ya alasiri, ukumbini walikuwa watatu: fundi Lusungu, aliyeletwa kutoka karakana moja ya Chang'ombe, Shehe, na Jabiri. Nyuma ya pazia walikuwa wawili: Naima, na mama mkwe wake, Bi Mwanabaraka, aliyewazaa Talha na Jabiri kwa tumbo moja. Mwanamke wa eda haonani na mwanaume asiye maharimu wake, kwa hiyo pazia lilishushwa mpaka sakafuni.

Na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Mtu pekee aliyeijua diski ile, aliyekuwa akimpigia Talha chapa barua zake na kumwashia mashine akiwa bado anapiga mswaki, alikuwa upande usio na mashine.

"Fundi," Naima aliita, "umewasha kipi kwanza?"

"Kompyuta, dada."

"Anza na diski. Hesabu mpaka kumi, ndiyo uwashe kompyuta. Ukitanguliza kompyuta haitaiona."

Lusungu alikuwa kijana wa Mbeya, mpole, aliyezoea wateja wanaomsimamia kichwani lakini si wanaomsimamia kwa sauti tu. Akazima vyote. Akawasha diski, akahesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea, akawasha kompyuta. Ikaja A. Ikaja C.

Akaambiwa aangalie waya. Nyuma ya diski palikuwa na matundu mawili yanayofanana, moja la waya unaokwenda kwenye kompyuta, jingine la waya wa printa, na kweli alikuwa ameyapishanisha. Akacheka peke yake, akazirudisha nyaya mahali pake, akakaza parafujo zake kwa kucha. Shehe, ambaye kompyuta alikuwa akiijua kwa jina tu, akasogeza kiti mbele. Ikaja A, ikaja C, na Shehe naye akazitamka herufi zile polepole kama anayesomeshwa alifu.

Fundi akatoa disketi mfukoni, akaweka upya ile programu inayoitambulisha diski kwa kompyuta. Hiyo ilichukua robo saa nzima. Haikusaidia kitu.

Muda wote huo Jabiri alikuwa amekaa kwenye kona ya kochi, mikono magotini. Naima alimwona kupitia upenyo wa pazia na akashangaa kidogo, kwa kadiri alivyoweza kushangaa siku zile. Mwizi hutazama mlango. Jabiri alikuwa anaitazama mashine, na kila iliposhindwa alikuwa anamhimiza fundi ajaribu tena, asikate tamaa, watu wanataka haki yao. Naima akajiambia kwamba huo ndio ujasiri wa mtu aliyekwishazoea uovu. Nami nilikubaliana naye, na najua wengi wenu pia.

Hatimaye Lusungu aliweka bisibisi mezani. Alisema diski nyingine hufa kwa kuhamishwahamishwa tu, na hii inaelekea imeshajifia. Angeweza kuifungua kifuniko aone ndani, ila hatoi ahadi. Au kama dada angetoka dakika mbili tu, aje aitazame mwenyewe, maana yeye ndiye anayeijua ilivyokuwaga.



"Atoke tu," Jabiri alisema. "Eda ya nini kwa mtu asiye mjane?"

Hakusema kwa ukali. Alisema taratibu, na ndiyo maana lilichoma zaidi. Kila mtu mle ndani alielewa. Naima akivuka pazia lile kwa mguu wake, mbele ya Shehe, amekubali kwa kitendo kwamba hana eda. Shehe asingekuwa na haja ya diski tena. Bi Mwanabaraka akamshika mkono, akaukaza.

"Sitoki," Naima alisema. "Usiifungue kifuniko, fundi. Nipitishie chini ya pazia, hivyo hivyo ikiwa inawaka."

Ikapitishwa, nyaya zimevutika mpaka mwisho. Naima akaipakata. Mikono yake ilikuwa inakumbuka mambo ambayo kichwa kilikwisha yaacha. Talha alikuwa na tabia mbaya ya kuweka kikombe cha kahawa juu ya diski hii, na diski ikifanya kazi kahawa ilikuwa inatetemeka ndani ya kikombe, naye Naima alikuwa akimgombeza kila siku. Sasa akaweka kiganja. Diski ilikuwa baridi, haitetemeki hata kidogo. Akainua, akaitia sikioni.

"Haizunguki," alisema. "Taa inawaka lakini ndani haizunguki. Inaonja umeme, haishibi. Nipe na adapta yake."

Adapta ikapita chini ya pazia. Naima hakuhitaji hata kuitazama. Adapta ya Talha ilikuwa nzito, ungeweza kupondea kitunguu saumu. Hii ilikuwa nyepesi kama kiberiti.

"Hii si yake," alisema.

Lusungu akaomba arudishiwe, akaisogeza dirishani asome maandishi yake madogo. Kisha akakaa chini. Adapta ilikuwa ya volti sita. Diski inataka kumi na mbili. Kwa kuwa ncha yake iliingia bila taabu na taa ikawaka, hakuwa na wazo la kuisoma, na kwa kosa hilo alikuwa amewahangaisha watu wazima zaidi ya saa nzima. Aliomba radhi kwa Shehe, akaomba radhi kwa pazia.

Lakini kosa halikuwa lake peke yake. Lilikuwa letu sote wa Pwani, na namna yetu ya kuzika. Mtu akikata roho, kabla hata maji ya kumwosha hayajachemka, ukumbi unatolewa kila kitu. Makochi nje, kabati nje, televisheni kwa jirani, majamvi yanatandikwa, watu wakae. Siku ile vijana waliibeba kompyuta ya Talha wakaipeleka kwa Anjelina, Mhaya wa ukuta wa pili, na nyaya zote wakazifunga ndani ya kanga moja pamoja na nyaya za Anjelina mwenyewe zilizokuwa sakafuni. Baada ya hitima vitu vikarudi. Nani anasoma adapta watu wanapolia?

Bi Mwanabaraka akaita kwa dirisha la uani. Anjelina akaingia kwa mlango wa nyuma, akaamkia, akasikiliza, akarudi kwake na kutoka tena na adapta nzito mkononi. Alieleza kwamba hiyo ndiyo walikuwa wakiitumia kwa redio kaseti yao, na kwamba redio yenyewe iliungua ikatoa moshi wiki ile ile ya msiba, na mumewe Romani akasema ni umeme. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia siku hiyo kilichoiunguza redio yake. Siku nyingine ataambiwa.

Diski ikarudishwa mezani. Adapta ikachomekwa.

Ikanguruma.

Naima alifumba macho. Kwa miaka sita sauti ile ndiyo iliyokuwa ikimwamsha, Talha amekwisha amka anachora, na sasa ilikuwa inatoka ukumbini kama kwamba mwenyewe amekaa pale. Kitu kidogo kilimgusa kifuani, kikapita. Alikuwa na hakika. Dakika chache tu, mashine itasema barua ile iliandikwa Talha akiwa kaburini, na dunia itajua nani mwongo.

Ikaja A. Ikaja C. Ikaja D.

"Alhamdulillahi," alisema Shehe.

Fundi alifungua. Ramani za nyumba, ramani za nyumba, kisha kifungu cha barua. Akasoma majina ya barua moja moja mpaka akafika kwenye moja iliyoitwa NAIMA. Shehe akamwambia afungue. Maneno yalikuwa yale yale ya kwenye karatasi, nukta kwa nukta. Shehe akauliza iliandikwa lini, na Lusungu akasogeza uso karibu na kioo.

"Machi tarehe nne, Shehe. Saa nne asubuhi. Na tangu siku hiyo haijaguswa."

Naima alisema upesi kwamba saa ya kompyuta hukosea. Lusungu akakubali kwamba hukosea, akatafuta ushahidi mwingine, nami nampenda kijana huyu kwa kutopendelea upande. Siku ile ile, saa moja baada ya barua, Talha alikuwa amehifadhi ramani ya nyumba ya mtu wa Mbweni. Daftari la wateja lilikuwa rafuni. Shehe mwenyewe akalifunua. Mtu wa Mbweni alikuja kuchukua ramani yake tarehe tano Machi, akaweka sahihi kwa kalamu yake.

Saa ya kompyuta haikukosea. Jabiri hakusema uongo.

Wiki kumi mimi na ninyi tumemsema Jabiri. Tumemwita fisi, na msomaji mmoja wa Kinondoni amemwita mabaya zaidi ambayo mhariri aliyakata. Sasa tumeze mate. Jabiri alimweleza Shehe kwamba kaka yake alimkabidhi karatasi ile mkononi, amekasirika, akamwambia aishike mpaka Naima arudi Tanga. Naima aliporudi, Talha hakuiuliza. Jabiri akadhani labda amempa nyingine, labda wameelewana, akaogopa kuingilia mambo ya mke na mume. Lakini alipoona urithi unakaribia kugawiwa, hakupata usingizi. Nyumba ni ya baba yao, na haki ni haki.

Nyuma ya pazia Naima alikuwa anahesabu. Tanga. Alikwenda harusi ya dada yake, akaaga siku nne, akakaa kumi na moja. Basi siku hizo ndizo zilizoandika barua. Aliporudi Talha alikuja kumpokea stendi, akambebea begi, na njia nzima akazungumzia mteja anayetaka baraza la mviringo na namna bati lisivyokubali kuzunguka. Walipofika nyumbani akamwuliza kama amekula. Usiku wakalala. Miezi mitano wakalala.

Na hakumwambia.

"Sasa sikilizeni," alisema Shehe Abdulrahman, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Talaka imeandikwa na mwenyewe, imethibiti. Lakini ni moja. Mume ana haki ya kumrejea mkewe kabla eda haijaisha, bila ndoa mpya, bila mahari. Kwa madhehebu yetu kumrejea ni kwa kutamka. Kulala nyumba moja hakutoshi, wala kumbebea begi. Binti Naima, nakuuliza wewe, na Mungu anasikia. Marehemu alikutamkia kwamba amekurejea?"

Naima alilijua jibu. Lilikuwa fupi. Talha alizungumzia bati.

Alifungua mdomo, lakini aliyesema hakuwa yeye.

"Alimrejea," alisema Bi Mwanabaraka, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Siku ile ile aliyotoka Tanga. Alisema, mke wangu nimekurejea. Nilikuwepo, nimesikia kwa masikio yangu."

Jabiri akasimama.

"Mama, siku ile ulikuwa kwangu. Ulikuwa umeteguka mguu, mie ndiye nilikuwa nakupeleka kwa mkandaji. Ulikaa mpaka mwisho wa mwezi."

"Utanifundisha wewe nilikokuwa?"

"Mama."

"Nimekwambia nilikuwepo."

Ukumbini diski ilikuwa inanguruma. Lusungu alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe. Shehe akasema kwamba mama na mwana wakipingana, yeye hana mizani ya kuwapima. Kuna moja tu lililobaki.

"Leteni msahafu. Bi Mwanabaraka, kwa heshima yako yote, utaapa. Ukiapa, nimekwisha. Naima ni mjane wa Talha na hakuna atakayemgusa."

"Nitaapa," alisema Bi Mwanabaraka. "Ngojeni nitawadhe."

Akashika ukuta kuinuka. Naima akamshika upindo wa kanga.

"Mama," alinong'ona, "hukuwepo."

"Sikuwepo."

"Basi unaapa nini?"

Bi Mwanabaraka akainama mpaka mdomo wake ukagusa sikio la mkwewe. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane, na Naima hakuwahi kumsikia akisema uongo hata kwa muuza samaki.

"Ukisema hakukurejea, wewe utakwenda kwenu Tanga na yatakwisha," alisema. "Mwanangu je? Miezi mitano alale na mwanamke asiye mkewe, afe hivyo, azikwe hivyo, na watu wa Mtoni wajue? Talha hakuwa mzinifu. Hatalala kaburini na jina hilo, mie ningali hai. Dhambi ya kuapa ni yangu. Mie mzee, nitaibeba."

Akaunyofoa upindo wa kanga kutoka vidoleni mwa Naima, kimoja kimoja, bila hasira, akaenda uani huku akichechemea.

Hapo ndipo Naima alipolia. Siku ishirini na tatu zilimjia zote kwa pamoja, akauma ukingo wa godoro ili wasimsikie ukumbini, na walimsikia. Alimlilia Talha aliyemwandikia barua ile asubuhi kisha akamfuata stendi. Alimlilia mama huyu aliyemkandia tumbo usiku kucha alipougua na ambaye sasa anakwenda kujitia moto kwa mkono wake. Iliuma kila mahali, na hakukuwa na sehemu ya mwili wake ya kukimbilia.

Akisema neno moja, "hakutamka," mama atapona na kiapo cha uongo. Yeye atatoka nyumba hii kesho bila jina, na Talha atabaki na jina baya zaidi. Akinyamaza, atakuwa mjane mwenye heshima, na atamtazama mama huyu kila siku mpaka mmoja wao afe.

Ukumbini Jabiri alikuwa amekwisha shusha msahafu kutoka juu ya kabati. Uani bomba lilifunguliwa, maji yakaanza kumwagika kwenye karo la saruji. Bi Mwanabaraka aliosha mikono mara tatu, akasukutua, akaosha uso. Udhu wa mtu mzima hauchukui dakika tano, na alikuwa amekwisha fika kwenye viwiko.